Uhuru wa Wasomi Ukitazamwa Kutoka Iringa na Mbeya

Tarehe 7 Machi 2018 kijana mmoja alifika katika kituo cha polisi cha Mafinga, wilayani Mufindi, akaeleza kwamba usiku uliotangulia alitekwa Dar es Salaam na kuja kutupwa hapo, zaidi ya kilomita 500 kutoka chuoni kwake. Alikuwa Abdul Nondo, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na mwenyekiti wa mtandao wa wanafunzi unaojulikana kwa kifupi cha TSNP. Karibu wiki tatu nyuma, tarehe 16 Februari, Akwilina Akwilini, mwanafunzi wa Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, alikuwa ameuawa kwa risasi akiwa ndani ya daladala, polisi walipokuwa wakiwatawanya waandamanaji wa Chadema. TSNP ilisimama kudai uwajibikaji kwa kifo hicho.

Polisi walisema Nondo hakutekwa. Akapandishwa kizimbani katika Mahakama ya Hakimu Mkazi Iringa, akishitakiwa kwa kusambaza taarifa ya uongo mtandaoni, yaani ujumbe wa simu kwamba yuko hatarini, na kwa kumdanganya ofisa wa polisi wa Mafinga. Chuo kikamsimamisha masomo. Tarehe 5 Novemba 2018 mahakama ile ile ya Iringa ilimwachia huru baada ya upande wa mashitaka kushindwa kuthibitisha kesi yake. Miaka sita baadaye, tarehe 1 Desemba 2024, akiwa sasa kiongozi wa vijana wa ACT Wazalendo, alichukuliwa tena kwa nguvu kwenye kituo cha mabasi cha Magufuli na kuachwa ufukweni Coco Beach.

Nimeanzia Mafinga kwa makusudi. Mazungumzo yetu juu ya uhuru wa kitaaluma huanzia Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kuishia Mlimani, kana kwamba mikoani hakuna msomi mwenye la kusema wala la kupoteza. Sisi wa Nyanda za Juu Kusini tuliliona suala hili likishuka kwenye gari mlangoni kwetu, likasikilizwa katika mahakama yetu, huku wanafunzi wa vyuo vya Iringa wakilifuatilia kama jambo lao. Lilikuwa jambo lao kweli.

Uhuru wa kitaaluma ni haki ya mtu kuuliza swali, kulifuata jibu lilipo, kulitangaza na kulifundisha, bila kupoteza ajira yake, hati yake ya kusafiria au uhai wake. Hoja yangu ni kwamba hapa Tanzania, pale uhuru huo ulipokuwepo, haukulindwa na sheria. Ulilindwa na watu: wingi wao, ukaidi wao, na majina yao kujulikana nje ya nchi. Chuo kikiwa kidogo, kichanga na mbali na kamera, watu hao hawapo, na dola haina haja hata ya kupiga marufuku. Inatosha watu wajue mpaka uko wapi.

Mlimani penyewe hapakuwa pepo. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi walioandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa walirudishwa makwao, 393 kwa idadi, na Mwalimu Nyerere akakata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Kisa hicho husimuliwa kama cha vijana wabinafsi waliofunzwa adabu, na mna ukweli ndani yake. Lakini kiliacha desturi kwamba mkuu wa nchi ndiye mwenye kauli ya mwisho juu ya nani asome na nani asisome. Novemba 1970 chama cha wanafunzi wa mrengo wa kushoto, USARF, kilipigwa marufuku pamoja na jarida lake Cheche, lililokuwa limechapisha andiko la Issa Shivji juu ya mapambano ya kitabaka nchini. Waliopigwa marufuku hawakuwa maadui wa ujamaa. Walikuwa wanautaka zaidi ya serikali yenyewe, ila walitaka pia kuuliza nani anafaidika nao. Julai 1971 Symonds Akivaga, Mkenya aliyekuwa rais wa wanafunzi, alimwandikia makamu mkuu wa chuo barua ya wazi. Akakamatwa na askari wenye silaha mbele ya wenzake, akarudishwa Kenya. Machi 1978 wanafunzi walishuka kutoka Mlimani kupinga nyongeza ya maslahi ya wabunge na mawaziri, na mamia kati yao wakafukuzwa.

Mlimani huko huko ndiko Walter Rodney alikofundisha, na kitabu chake juu ya namna Ulaya ilivyoidumaza Afrika kilichapishwa mwaka 1972 na Tanzania Publishing House ikishirikiana na wachapishaji wa London. Ndiko Abdilatif Abdalla alikopokewa, katika Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, baada ya kutumikia kifungo Kenya kwa sababu ya karatasi iliyouliza nchi yake inakwenda wapi. Mwaka huo huo wa 1972 makamu mkuu wa Makerere, Frank Kalimuzo, alichukuliwa na watu wa Idi Amin, hakuonekana tena. Nairobi mwaka 1982 wahadhiri waliwekwa kizuizini, akina Willy Mutunga na Alamin Mazrui. Lubumbashi, Mei 1990, wanafunzi walishambuliwa usiku mabwenini na idadi ya waliokufa inabishaniwa hadi leo. Aliyetoka huko akafika Dar es Salaam alikuwa na haki ya kushukuru. Alichokipata kilikuwa hisani, na hisani haiandikwi kwenye hati.

Wahadhiri walilitambua hilo. Tarehe 19 Aprili 1990 vyama vya wanataaluma wa taasisi za elimu ya juu nchini vilipitisha Azimio la Dar es Salaam juu ya uhuru wa kitaaluma na wajibu wa wanataaluma kwa jamii. Ni moja ya maandiko bora kabisa yaliyowahi kutoka katika vyuo vyetu, kwa sababu linadai haki na kukiri deni kwa pumzi moja: msomi asiguswe kwa kusema kweli, na msomi asikae kimya watu wake wanapoonewa. Mwezi uliofuata serikali ilikifunga Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kikaja kufunguliwa Januari 1991. Azimio na kufuli vilikuja katika masika moja. Novemba 1990 wanazuoni wa Afrika walikutana Kampala wakatoa tamko lao, lenye mwangwi dhahiri wa lile la Dar es Salaam.

Wakati Azimio linapitishwa, Iringa na Mbeya hazikuwa na chuo kikuu hata kimoja. Mbeya ilikuwa na chuo cha ufundi kilichoanzishwa mwaka 1986, na Iringa ilikuwa na sekondari ya Mkwawa. Leo chuo kile cha ufundi ni Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya. Mkwawa ni chuo kikuu kishiriki cha elimu chini ya Dar es Salaam tangu 2005. Walutheri wana Chuo Kikuu cha Iringa, Wakatoliki wana Ruaha, Wamoraviani wana Teofilo Kisanji, na Mzumbe ina kampasi Mbeya. Maelfu ya vijana wanasoma ndani ya miji hii miwili ambayo wazazi wao waliipita tu wakielekea Dar es Salaam.

Tumeurithi uanachuo bila kuurithi ukaidi. Nani, Iringa, anakumbuka 1978? Mhadhiri kijana wa mkataba wa miaka miwili anajua kwamba mkataba usipohuishwa hakuna atakayeandika magazetini, kwa kuwa hakufukuzwa; muda wake umekwisha tu. Chuo cha binafsi kinaishi kwa ada, na ada kwa sehemu kubwa ni mkopo wa Bodi ya Mikopo, ambao ni fedha ya serikali. Mwanafunzi anayesubiri bumu, yaani posho ya mkopo huo, hafikirii maandamano, anafikiria kodi ya chumba. Kanisa lenye chuo lina pia shule, zahanati na mashamba, na kila kimoja kina leseni. Makanisa yetu hayakosi ujasiri: Agosti 2023 maaskofu Wakatoliki walitoa tamko kupinga mkataba wa bandari na DP World, mwezi ule ule Mahakama Kuu Mbeya ilipotupa shauri la wananchi juu ya mkataba huo na wakili wa shauri hilo, Boniface Mwabukusi, akakamatwa siku chache baadaye. Lakini askofu akisema, anasema kwa kofia ya uaskofu. Mhadhiri wa sheria akilisema hilo hilo darasani, analisema kwa mkataba wa miaka miwili.

Sasa tuje kwenye kibali, maana ndipo msomi wa mkoani anapokutana na dola uso kwa uso. Mwanafunzi wa shahada ya uzamili anayetaka kuwahoji wanakijiji wa Kilolo juu ya ardhi hupewa barua na chuo chake. Barua inakwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, ambaye anaandika kwa wilaya, wilaya inaandika kwa halmashauri, halmashauri kwa mtendaji wa kata, na mtendaji wa kata kwa mtendaji wa kijiji. Kila meza ina mhuri wake. Utaratibu huu una maana yake, na siwezi kuubeza: nchi iliyochotewa damu, mbegu na mafuvu ya mababu zake ina haki ya kujua nani anakuja kuuliza nini. Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, iliundwa kwa sheria ya 1986 kusimamia mambo kama hayo. Ila mlango wa kumzuia mwizi humzuia pia mwenye nyumba, ikiwa ufunguo uko kwa mtu mmoja na halazimiki kueleza kwa nini hafungui. Hakuna anayehitaji kusema hapana. Afisa husafiri kikazi, barua huwa mezani, muhula huisha. Msimamizi mwenye huruma humshauri kijana abadili mada, achukue kitu chepesi, amalize masomo. Swali hufa hivyo, na aliyelizika ni mtu aliyelipenda.

Si jambo la jana. Kati ya 1934 na 1938 mwanaanthropolojia Godfrey Wilson na mkewe Monica waliishi na Wanyakyusa huko Rungwe. Baadaye Wilson akawa mkurugenzi wa kwanza wa taasisi ya Rhodes-Livingstone, Rhodesia ya Kaskazini, akaanza kuchunguza maisha ya wafanyakazi wa migodini Broken Hill. Alikaa na Waafrika kwa karibu zaidi kuliko wakoloni walivyotaka, tena hakuunga mkono vita. Wenye migodi wakamzuia kuingia kwenye makambi ya wafanyakazi. Mwaka 1941 akaacha kazi. Hakufungwa jela; alinyimwa mlango, na kwa mtafiti hilo latosha.

Mwaka 2018 silaha hiyo ilitumiwa hadharani. Julai, shirika la Twaweza lilitoa matokeo ya kura ya maoni yaliyoonyesha kwamba waliokubali utendaji wa Rais Magufuli walikuwa asilimia 55, baada ya kuwa asilimia 96 mwaka 2016 na 71 mwaka 2017. Asilimia 55 si aibu kwa kiongozi yeyote duniani. COSTECH iliwaandikia Twaweza kuwahoji juu ya kibali, na mwezi huo huo mkurugenzi wao, Aidan Eyakuze, alinyang'anywa hati ya kusafiria kwa maelezo kwamba uraia wake unachunguzwa. Septemba Bunge likabadili Sheria ya Takwimu ya 2015, ikawa kosa la jinai kusambaza takwimu zinazopingana na zile rasmi za serikali. Benki ya Dunia yenyewe ilitoa tamko la wasiwasi, na Juni 2019 kifungu cha jinai kikaondolewa.

Wengi waliihesabu ile kuwa kesi ya wanaharakati wa Dar es Salaam. Jiulize lakini mwalimu wa takwimu wa Mbeya alifundishaje kati ya Septemba 2018 na Juni 2019. Kazi ya takwimu ni kuhesabu upya alichohesabu mwenzako uone kama alikosea. Mwanafunzi akipita kaya 300 za Mbozi akakuta njaa kubwa kuliko ilivyo kwenye taarifa ya wilaya, amefanya utafiti au ametenda kosa? Sheria ilibadilishwa, lakini aliyesoma miezi ile alijifunza kwamba namba ina mwenyewe.

Mbeya inalijua hilo kwa jina la taasisi. Kituo cha Mbeya cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, kilichokua kutokana na ushirikiano na Chuo Kikuu cha Ludwig Maximilian cha Munich tangu miaka ya 1990, kimefanya kazi kubwa juu ya UKIMWI na kifua kikuu, na wapo watu wa Mbeya waliojitolea miili yao kwa majaribio ya chanjo ya UKIMWI. Ni watu waliokubali kuchomwa sindano kwa imani kwamba matokeo yatasemwa yalivyo. Desemba 2016 Mkurugenzi Mkuu wa NIMR, Dk. Mwele Malecela, alitangaza matokeo ya utafiti yaliyoonyesha dalili za maambukizi ya virusi vya Zika nchini. Wizara ikakanusha, na haikupita wiki Rais akatengua uteuzi wake. Mwanamke huyo alikwenda kulitumikia Shirika la Afya Duniani hadi kufariki kwake mwaka 2022. Aliyepoteza ni Tanzania. Mwishoni mwa Aprili 2020 Tanzania Bara iliacha kutangaza takwimu za korona, na hesabu ya nchi nzima ikaja kuishia kwenye wagonjwa 509. Mei, Rais akatilia shaka vipimo akitaja papai na mbuzi, na mkuu wa maabara ya taifa akasimamishwa kazi. Katika miezi iliyofuata tulizika watu Iringa na Mbeya kwa ugonjwa ulioitwa changamoto ya upumuaji. Madaktari waliufahamu. Walimu wa madaktari waliufahamu pia.

Lakini mfano unaonisumbua kuliko yote ni wa Usangu, wilayani Mbarali, kwa sababu pale wasomi waliachwa waseme, wakasema, na haikusaidia.

Tangu mwaka 1993 Mto Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi unapopita katika Hifadhi ya Ruaha. Miaka ile mabwawa ya Mtera na Kidatu yalipungua maji, umeme ukakatika mijini, na mkosaji akapatikana upesi: mfugaji, na ng'ombe wake katika ardhi oevu ya Ihefu. Ilikuwa hadithi rahisi. Mfugaji alikuwa mgeni Mbarali, hakuwa na mbunge wa kumsemea, na ng'ombe wanaonekana kwa macho kuliko mfereji. Miradi miwili mikubwa ya utafiti ilifanyika Usangu kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 hadi katikati ya miaka ya 2000, SMUWC na RIPARWIN, na katika huu wa pili wataalamu wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine walishiriki kikamilifu. Walipima mito, mifereji na malango ya mabwawa. Walichokikuta hakikufanana na hadithi. Kiangazi maji yalikuwa yakichepushwa kwenda kwenye mashamba ya umwagiliaji, yakiwemo makubwa ya mpunga, hata pale yasipohitajika. Na upungufu wa umeme ulitokana kwa sehemu kubwa na namna Mtera na Kidatu zilivyoendeshwa, si na mfugaji wa Ihefu.

Mwaka 2006 serikali ikawaondoa wafugaji hata hivyo. Maelfu ya watu na mifugo yao waliswagwa kutoka Usangu, wengi wakielekea Lindi na Rufiji. Ng'ombe walikufa njiani, faini zilitozwa, na malalamiko yakawa makubwa kiasi cha Rais Kikwete kuunda tume mwaka 2007 chini ya Jaji Othman Chande. Mwaka 2008 hifadhi ikapanuliwa kuimeza Usangu. Ng'ombe waliondoka, na mto ukaendelea kukauka. Umekauka tena na tena tangu hapo, kama vitabu vya watafiti vilivyokuwa vimesema.

Mtu anaweza kusema hapa uhuru wa kitaaluma haukuguswa: hakuna mtafiti aliyekamatwa, ripoti zipo, zinasomeka. Silikubali jibu hilo. Uhuru wa kuandika ripoti ya Kiingereza ambayo haifiki kwa diwani wa Mbarali, haisomwi redioni Mbeya na haimfungi waziri kuijibu bungeni ni uhuru wa mtu anayezungumza ndani ya chungu. Azimio la 1990 lilisema msomi ana deni kwa jamii. Kulilipa deni hilo Usangu kungemtaka mtu asimame mbele ya mkuu wa mkoa, na mikrofoni mkononi, amwambie operesheni yako imekosea chanzo cha tatizo. Hapo ndipo tungejua kama uhuru upo.

Kisa kikarudi. Mwaka 2017 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 150 za kukuza utalii wa kusini kupitia mradi wa REGROW, Ruaha ikiwa kitovu. Wakulima na wafugaji wa Mbarali wakalalamika kwamba mipaka inawafuata vijijini, kwamba ng'ombe wanakamatwa na kunadiwa, kwamba watu wanapigwa na wengine kuuawa. Septemba 2023 taarifa ya Oakland Institute ikatoka na ushahidi wao, na Aprili 2024 Benki ya Dunia ikasitisha kutoa fedha. Oakland iko California. Kutoka Iringa mjini hadi geti la hifadhi ni safari ya saa chache kwa gari, na njiani unaviacha nyuma vyuo vikuu vitatu. Sisemi hakuna Mtanzania aliyeyaandika haya. Wapo waliochapisha, wengine kwa tahadhari, na wapo wanasheria na waandishi wa Mbeya waliohatarisha nafsi zao. Nauliza tu kwa nini mwanakijiji wa Mbarali alilazimika kupeleka kilio chake ng'ambo ya bahari mbili ndipo kirudi Dodoma kikiwa na uzito.

Wenzetu wa ng'ambo ya Mto Songwe walikutana na mtihani kama huu na wakaujibu tofauti. Februari 2011, huko Zomba, mhadhiri wa siasa wa Chancellor College, Blessings Chinsinga, aliitwa na Inspekta Jenerali wa Polisi wa Malawi baada ya kutaja darasani mfano wa Tunisia na Misri alipozungumzia uhaba wa mafuta nchini mwake. Darasani, si jukwaani. Wenzake, wakiongozwa na Jessie Kabwila, walikataa kufundisha hadi wahakikishiwe kwamba hakuna mpelelezi anayeketi kati ya wanafunzi wao. Rais Bingu wa Mutharika alisimama na polisi. Chuo kilikaa miezi minane bila masomo, wahadhiri wakafukuzwa, wakaenda mahakamani, na mwishowe wakarudishwa kazini. Katiba yao inautaja uhuru wa kitaaluma kwa jina, na walikuwa na kumbukumbu ya Jack Mapanje, mshairi na mhadhiri wa chuo hicho hicho aliyekaa kizuizini tangu 1987 hadi 1991 chini ya Rais Banda. Sheria na kumbukumbu zilikutana na chama cha wahadhiri kisichotawanyika. Katiba yetu ya 1977, ibara ya 18, inalinda maoni na kupashana habari, lakini uhuru wa kitaaluma haiutaji. Ile ya Kenya ya 2010 inautaja katika ibara ya 33, pamoja na uhuru wa utafiti wa kisayansi.

Liko jambo jingine ambalo wanataaluma wenyewe hawapendi kulijadili, nalo ni mkeka. Kila jioni ya Ikulu kutoa orodha ya uteuzi, simu za wahadhiri huwaka. Katika chuo cha umma mkuu wa chuo na mwenyekiti wa baraza ni wateule wa Rais, na juu ya hapo kuna ukuu wa wilaya, ukatibu mkuu, ubunge wa kuteuliwa. Mwaka 2017 na 2018 tuliwaona watu wenye heshima kubwa Mlimani, akina Palamagamba Kabudi, Kitila Mkumbo na Bashiru Ally, wakihamia serikalini na katika chama tawala. Siwatuhumu kwa hilo. Msomi ana haki ya kuitumikia nchi yake pale anapoitwa. Ninachosema ni juu ya waliobaki wakisubiri. Kwa kila mmoja anayeitwa wapo mia wanaopima kila neno wasije wakajiharibia, na hao mia ndio wanaofundisha watoto wetu. Polisi humnyamazisha mtu mmoja kwa usiku mmoja. Mkeka hunyamazisha kitivo kizima kwa miaka, kwa hiari yao, na wakiwa wamevaa tai.

Wapo watakaojibu kwamba haya ni ya Magufuli na yamepita. Baada ya kifo chake Machi 2021 upepo ulibadilika kweli. Vyombo vya habari vilivyofungwa vilifunguliwa, Januari 2023 mikutano ya hadhara ikaruhusiwa, watu wakapumua. Kisha yakarudi. Watu walichukuliwa na wasiojulikana, Mei 2025 mtandao wa X ukafungwa, na siku ya uchaguzi, 29 Oktoba 2025, intaneti ikazimwa nchi nzima. Hilo linathibitisha ninachokisema: pumzi iliyotolewa na mtu ilichukuliwa tena na mtu. Hakuna kifungu kilichoandikwa katika ile miaka miwili ya nafuu ambacho mhadhiri wa Tukuyu au Mafinga angeweza kukishika mkononi leo akasema, hapa mnavunja sheria.

Ndiyo maana nawasihi wanaodai katiba mpya wasiuache uhuru wa kitaaluma uje kuwekwa mwishoni kama pambo. Utajwe kwa jina. Sheria ya vibali vya utafiti iweke idadi ya siku, na anayekataa aandike sababu inayoweza kupelekwa mahakamani. Mikataba ya wahadhiri wa vyuo binafsi isikatwe bila sababu kutajwa kwa maandishi. Viongozi wa vyuo vya umma wachaguliwe na wale wanaoongozwa nao. Hayo yatachukua muda, na hayako mikononi mwa Iringa peke yake.

Lililo mikononi mwetu ni dogo zaidi. Wahadhiri wa Mkwawa, Ruaha, Chuo Kikuu cha Iringa, Teofilo Kisanji, Mzumbe Mbeya na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya waunde umoja mmoja wa Nyanda za Juu Kusini, ili mmoja akiitwa polisi kwa alichokisema darasani, wengine waende naye. Azimio la Dar es Salaam lilipitishwa kabla vyuo hivi havijazaliwa kama vyuo vikuu, na hakuna aliyelitia saini kwa niaba yao. Lisomwe kwa sauti Gangilonga pale Iringa na Iyunga pale Mbeya, kwa Kiswahili, mbele ya wanafunzi, na walimu wao walitie saini.